Pole siyo samahani: uchambuzi wa kisa cha kitabu cha Tony Blair, 2010

Kwanza kabisa

Kisa hiki huwa nakitumia nikikaa na watu wanaoandaa vitabu vya wakubwa, maana siku hizi kila waziri mstaafu na kila mbunge aliyeangushwa anataka kuandika maisha yake. Watu binafsi waliomo humu, yaani wazazi waliofiwa, waandamanaji, wateja wa dukani, nimewaondolea majina na kila kitu cha kuwatambulisha, hata kama baadhi yao magazeti ya wakati ule yaliwataja wazi. Mwenye kitabu sijamficha kwa sababu hafichiki, ukishasema tu waziri mkuu mstaafu, Iraq, mayai, Dublin, watu wameshamjua.

Kuna anayeuliza mbona mfano wa Ulaya wakati na sisi tuna vitabu vya wakubwa. Jibu ni kwamba uzinduzi wa kwetu hauna cha kufundisha kwenye eneo hili. Ukumbi unajaa, mgeni rasmi ananunua nakala ya kwanza kwa bei ya kiwanja, makofi, picha ya pamoja, pilau, tumemaliza. Asiyempenda mwandishi anabaki nyumbani kwake. Ukitaka kuona kitabu kikikutana uso kwa uso na watu wenye hasira inabidi uende mahali ambapo hasira ilivaa viatu ikatoka ikasimama barabarani, na ikavua viatu hivyo hivyo ikavirusha.

Usuli

Blair aliingia madarakani kama waziri mkuu wa Uingereza 2 Mei 1997 akatoka 27 Juni 2007, miaka kumi na wiki kadhaa, chaguzi tatu kashinda. Mwanzoni alikuwa kipenzi cha watu kweli kweli. Mkataba wa amani wa Ireland Kaskazini wa 10 Aprili 1998 una mkono wake, na hata wanaomchukia wanampa hiyo. Halafu ikaja Iraq. Tarehe 15 Februari 2003 London ilijaa waandamanaji wa kupinga vita kuliko ilivyowahi kuonekana, mwezi mmoja na siku chache baadaye vita vikaanza hivyo hivyo. Silaha za maangamizi zilizotajwa kama sababu hazikupatikana. Wanajeshi wa Uingereza 179 walifia huko, na Wairaqi waliokufa hesabu yake mpaka leo watu wanabishana, ila ni ya kutisha kwa namna yoyote utakayoihesabu.

(Kwa Mtanzania jina hilo lina kumbukumbu ya pembeni pia: rada. Ni serikali ya Blair iliyoruhusu kampuni ya silaha ya BAE kutuuzia ile rada ya pauni milioni 28 wakati waziri wake mwenyewe wa misaada ya kimataifa, Clare Short, akipinga waziwazi. Mwaka huo huo wa kitabu, 2010, BAE ikakubali mbele ya mahakama ya London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za mahesabu, na ikatoka pauni milioni 29.5 ya kuwarudishia Watanzania, tukaiita chenji ya rada, ikanunua vitabu vya shule na madawati. Kwa hiyo na sisi kuna kitabu chetu kwenye stori hii, siyo cha Blair.)

Turudi. Alipotoka madarakani akawa mjumbe wa amani Mashariki ya Kati, akachukua kazi ya ushauri kwenye benki ya JP Morgan, akawa anazunguka kutoa hotuba za kulipwa, na mwaka 2007 akauza kitabu chake kwa Random House kwa malipo ya awali yaliyoripotiwa kuwa pauni milioni 4.6. Weka picha hiyo kichwani: kwa familia iliyozika mtoto, huyu ni mtu aliyemtuma mwanao vitani halafu sasa anakusanya hela.

Jambo la mwisho kwenye usuli, na mi naona ndilo zito kuliko yote. Tarehe 29 Januari 2010 Blair alihojiwa na Tume ya Chilcot iliyokuwa inachunguza vita ile. Wazazi waliofiwa walikuwa wamekaa nyuma yake ukumbini. Mwisho wa siku mwenyekiti akamuuliza kama kuna anachojutia. Akajibu kwamba anabeba wajibu, lakini kumuondoa Saddam Hussein, mtawala wa Iraq, hajutii. Alipokuwa anatoka wakamzomea. Miezi saba baadaye kitabu kikawa madukani.

Kilichotokea

Julai 2010 mchapishaji akabadilisha jina la kitabu. Mwanzo lilikuwa *The Journey*, likawa *A Journey*. Kwa Kiswahili yote mawili ni "safari" tu, lakini kwa Kiingereza la kwanza linasikika kama ile safari, ya pekee, kama ya nabii, na la pili ni safari tu kama za watu wengine. Walikuwa wanajaribu kumshusha kidogo ngazi.

Tarehe 16 Agosti ikatangazwa kwamba malipo ya awali yote pamoja na mirabaha yote itakwenda Royal British Legion, chama cha kusaidia wanajeshi na familia zao, kwa ajili ya kituo cha michezo na mazoezi cha wanajeshi waliojeruhiwa. Siku hiyo hiyo nchi ikagawanyika, na kitabu chenyewe hakuna aliyekuwa ameshakisoma. Wapo wazazi waliofiwa waliosema hizi ni pesa za damu. Wapo wazazi wengine, wamefiwa vile vile, waliosema kijana aliyekatika miguu hajali hela imetoka kwa nani. Chama chenyewe kikapokea na kushukuru.

Tarehe 1 Septemba kikatoka, na siku hiyo Blair hakuwepo hata London. Alikuwa Washington kwenye mazungumzo ya Waisraeli na Wapalestina, na mahojiano marefu ya BBC na Andrew Marr yalikuwa yamesharekodiwa. Maduka yalikiuza nusu bei, pauni 12.50 badala ya 25. Waterstone's wakasema ni kitabu cha maisha ya mtu kilichouzika haraka kuliko vyote walivyowahi kuweka rafuni, na ndani ya siku nne za kwanza nakala zaidi ya 90,000 zikawa zimeuzika Uingereza.

Watu walikimbilia kurasa gani? Za Gordon Brown, waziri wake wa fedha aliyemrithi uwaziri mkuu, bila shaka, ambapo akili ya uchambuzi kampa ila akili ya kuelewa hisia za watu kampa sifuri. Kurasa za pombe, alipokiri kwamba kabla ya chakula wiski au jini, kwenye chakula glasi kadhaa za waini, ikawa kama mkongojo. Na pale anapojitukana mwenyewe kuwa mpumbavu kwa kupitisha sheria ya uhuru wa kupata habari. Kulikuwa na kichekesho pia, maneno aliyoyaandika kwamba Malkia alimwambia walipokutana mara ya kwanza, mwandishi mmoja wa filamu akajitokeza akasema jamani haya niliyatunga mimi kwenye filamu yangu.

Wakati huo huo Facebook kikaanzishwa kikundi cha kuwahamasisha watu wakiingia dukani wakichukue kimya kimya kitabu hicho wakakiweke kwenye rafu ya vitabu vya uhalifu. Maelfu wakajiunga na picha zikaanza kumwagika.

Jumamosi tarehe 4 Septemba akaenda kusaini vitabu Dublin, mji mkuu wa Ireland, duka la Eason mtaa wa O'Connell. Nje kulikuwa na foleni mbili, ukipenda kuiona hivyo. Moja ya watu mia kadhaa wenye kitabu mkononi wanaosubiri kuingia, nyingine ya watu kama mia mbili wa mabango. Gari lilipofika vikarushwa mayai, viatu, chupa za plastiki. Hakuna kilichompata. Wanne wakakamatwa. Ndani, mwanamke mmoja aliyepanga foleni kama mteja wa kawaida, alipofika mezani badala ya kutoa kitabu akamwambia yuko hapo kumkamata kwa uhalifu wa kivita, walinzi wakamtoa.

Jumatatu tarehe 6 akatangaza kwamba kusaini kwa London, duka la Waterstone's Piccadilly, siku mbili mbele, hakupo tena. Akafuatia kufuta na sherehe iliyopangwa ifanyike usiku ule ule kwenye jumba la sanaa la Tate Modern. Ziara ya kitabu kwenye mitaa ya nchi yake mwenyewe ikaishia hapo, kabla haijaanza.

Maamuzi, na kwa nini yalifanyika hivyo

Kutoa hela. Ofisi yake ilisema ni namna ya kuheshimu ujasiri na kujitoa kwa wanajeshi. Mi sina sababu ya kusema alidanganya. Lakini hata kama ungekuwa mshauri wake mwenye roho ya biashara tupu ungemwambia vile vile, maana swali la "unatajirika kwa vita" lilikuwa linamsubiri kila studio atakayoingia, na bila hiyo hela kuondoka mezani asingeweza kuongea kitu kingine chochote.

Kutoomba radhi. Hapa bahati nzuri tuna maelezo yake, yamo humo humo kitabuni. Anarudia lile swali la Chilcot na kueleza kwamba alilisikia kwa hasira na uchungu, na kwamba alijua akijibu ndiyo, vichwa vya habari vya kesho yake vitakuwa Blair aomba radhi kwa ajili ya vita. Kwa hiyo akachagua. Kwenye kurasa za kitabu anaandika kuhusu waliokufa, anasema machozi yamemtoka mengi na machozi hayatoshi kueleza, halafu anasimama pale pale: uamuzi wa kwenda vitani hawezi kuujutia.

Kuanzia Dublin. Nadhani ilionekana ndiyo sehemu salama. Ireland ndiyo inayomkumbuka kwa amani, usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa kwenye kipindi kikubwa cha televisheni ya kule na hakikuharibika kitu. Mahesabu yalisahau kwamba waandamanaji hawahitaji kuwa nchi nzima, mia mbili wanatosha, na Dublin ilikuwa na mia mbili wa kutoka pande mbili tofauti, wa kupinga vita, ambao walikuwa na kinyongo cha siku nyingi kuhusu ndege za Wamarekani kupita uwanja wa Shannon, na wale mabaki ya wapigania jamhuri, wanaotaka Ireland Kaskazini iungane na Ireland, ambao mkataba wa 1998 wenyewe hawaukubali. Yaani kile kile kilichofanya ionekane salama kilikuwa kero kwa nusu ya waliokuwa nje.

Kufuta London. Sababu aliyotoa ni kwamba hataki kuwabebesha polisi na wananchi gharama kwa ajili ya kusaini kitabu tu, na kwamba chama cha BNP, wale wa mrengo mkali wa kulia, nao wametishia kuja. Sababu ya kueleweka kabisa. Ila masharti yaliyokuwa yamewekwa dukani yalikuwa yameshaharibu hewa: mteja aache begi, aache simu, asiombe kuandikiwa jina lake. Unajiuliza hiyo shughuli ilikuwa na faida gani iliyobaki, mtu anapita kama anaingia kumtembelea mfungwa.

Matokeo

Kibiashara kitabu kilishinda, hakuna ubishi. Chama cha wanajeshi kikapata hela zake na kituo kikajengwa Lilleshall, na wanajeshi wamefanya mazoezi pale. Kilichoshindikana ni kile ambacho naamini ndicho alichokuwa anakitafuta, kukaa tena na watu wake wakamsikiliza. Alibaki wa televisheni na wa kurasa. Wakati huo chama chake kilikuwa kinachagua kiongozi mpya, karatasi za kura zilianza kutumwa siku ile ile kitabu kilipotoka, na tarehe 25 Septemba David Miliband, aliyehesabiwa kuwa mtu wa Blair, akashindwa na mdogo wake. Sisemi kitabu ndicho kilichomwangusha. Nasema hakikumsaidia.

Uchambuzi

Nianze na mauzo kwa sababu ndipo watu wanapodanganyika. Nakala 90,000 kwa siku nne haziwi kura 90,000. Alinunua anayempenda, akanunua anayemchukia ili apate cha kumkosoa, akanunua mwandishi wa habari, akanunua mtu wa Brown aangalie kasemwaje, akanunua mpita njia aliyeona nusu bei. Hata wale wa kuhamisha vitabu kwenda rafu ya uhalifu, ukiwaza vizuri, walikuwa wanakitangaza bure. Mchapishaji akikuonyesha namba kama ushahidi kwamba wananchi wamekuelewa, mshukuru kwa hela na usimwamini kwa hilo lingine.

Jina la kitabu lilibadilishwa vizuri, hiyo ilikuwa akili, ingawa hakuna aliyebadilisha mawazo yake kuhusu Iraq kwa sababu ya kineno kimoja kwenye kava.

Sasa kwenye hela. Hapa ndipo mimi natofautiana na wenzangu wengi wanaokisoma kisa hiki, wao wanasema tatizo ni muda, kwamba ilitangazwa wiki mbili kabla ya kitabu ikaonekana ni promosheni. Muda ulikuwa mbaya, sawa. Lakini tatizo lenyewe liko kwenye mpangilio wa maneno, na sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ya kuliona upesi kuliko Waingereza.

Kiingereza kina neno sori. Linafanya kazi mbili. Ukifiwa naambiwa niseme sori, nikikukanyaga nasema sori. Sisi hayo ni maneno mawili ambayo hayakutani hata njiani: pole ni kwa aliyepatwa na jambo, na anayeisema si lazima awe na kosa, samahani ni kwa niliyemkosea. Mtu akikugonga na pikipiki akasema pole halafu akaishia hapo utamshangaa, utamuuliza kwani nani kanigonga? Soma tena zile kurasa za Iraq kwa Kiswahili kichwani mwako na utaona Blair katoa pole, pole ndefu, ya dhati naamini, yenye machozi, na waliokuwa wanamsikiliza walikuwa wanasubiri samahani. Kwa kuwa lugha yao ina neno moja, miaka nenda rudi wakabaki wanabishana, huyu kasema sori, yule hapana hajasema, kumbe wote wanasema kweli.

Halafu juu ya hiyo pole ikaja bahasha. Rambirambi tunaijua. Unafika msibani, unakaa chini na wafiwa, unawapa pole, unanyamaza kidogo, bahasha inapita mwishoni na wala haitangazwi na spika, labda iandikwe kwenye daftari. Aliyehusika na kifo chenyewe naye anaweza kuleta, imetokea, ila anatanguliza wazee kwanza, anaomba radhi, anasikilizwa au anafukuzwa, hela ni jambo la baadaye sana. Blair alianza na bahasha, kwa tangazo, halafu ndani ya wiki mbili ikaja pole iliyoandikwa, na chini ya pole sentensi inayosema uamuzi ule siujutii. Mzazi akisoma kwa mpangilio huo ataiita hela ya damu na sioni unambishie vipi. Wakati huo huo yule mzazi mwingine aliyesema hela iende tu kwa majeruhi naye yuko sahihi, sababu yeye haangalii mtoaji, anaangalia mpokeaji. Ndiyo maana mgawanyiko ule haukuwa wa wajinga na werevu.

Je, angeomba radhi? Wanafunzi huwa wananijia na jibu hilo haraka na mimi huwa nawarudisha. Kama mtu anaamini kwa moyo wake kwamba alifanya sahihi, ukimshauri aombe radhi unamfundisha kusema uongo kwenye kitabu cha maisha yake. Alichoweza kufanya bila kujisaliti ni kuvitenganisha: hela aitoe kimya, mwaka mwingine, bila kuifunga kwenye kitabu, na kitabu kije kikiwa na hoja zake tupu, kipigwe au kisipigwe. Hasira ya Iraq ingekuwepo pale pale. Isingepata tu kitu cha kushika mkononi.

Uamuzi wa kufuta London naupa alama nzuri, na kwa sababu hiyo nalaumu zaidi kwamba shughuli yenyewe ilipangwa. Kusaini vitabu ni kazi ya mwandishi anayependwa au asiyejulikana. Kwa kiongozi mwenye vita mgongoni, meza ya kusaini ni kuwapa waandamanaji saa, anuani na mlango wa kuingilia. Na viatu havikuwa bahati mbaya, tangu yule mwandishi wa habari wa Baghdad amrushie Bush viatu vyake Desemba 2008 kila mtu alikuwa anajua maana yake. Mahojiano yalifanya kazi yote, studio ina swali gumu ila haina yai.

Kituo cha mwisho cha kisa hiki kiko mbele sana. Tarehe 6 Julai 2016 ripoti ya Chilcot ikatoka na kumkosoa vikali. Siku hiyo Blair alisimama mbele ya waandishi karibu masaa mawili, sauti ikimkatika, akasema ana huzuni, majuto na radhi kuliko watakavyoweza kujua au kuamini. Safari hii neno lenyewe la kuomba radhi lilikuwemo. Akaulizwa, na katika kikao hicho hicho akasema kwamba akirudishwa pale alipokuwa, kwa taarifa alizokuwa nazo, angeamua vile vile. Kesho yake magazeti yakagawanyika upya kuhusu kama kaomba radhi au hajaomba.